Data Safi ya Rukuba: Faili Gani, kwa Nani?

Kisiwa cha Rukuba kimo katika Kata ya Etaro, Halmashauri ya Wilaya ya Musoma, na kwa mtu aliyeko Musoma mjini si mbali. Kwenye majedwali ya kompyuta, hata hivyo, kisiwa hiki hupotea kirahisi. Faili moja itaandika Rukuba. Ramani na matangazo ya kitalii yameandika Lukuba. Karani mmoja anaandika "K. Rukuba", mwingine "Rukuba kisiwani", na yupo anayegusa kitufe cha nafasi mara mbili mwishoni mwa jina bila kujua. Sisi tunasoma na kuelewa kuwa ni palepale. Kompyuta inahesabu visiwa vitano, kila kimoja na samaki wake wachache, na ukiiuliza jumla ya dagaa walioshushwa Rukuba mwezi uliopita inakupa kipande cha jibu kwa ujasiri wote.

Programu za kunyoosha mambo haya zipo. Katika zile zisizolipiwa, inayofahamika zaidi ni OpenRefine. Ilianza mwaka 2010 katika kampuni ya Metaweb ikiitwa Freebase Gridworks. Mwaka huohuo Google ikainunua Metaweb na programu ikawa Google Refine. Mwaka 2012 Google ikaiacha mikononi mwa jumuiya ya watumiaji wake, ndipo ikapata jina la sasa. Kazi yake kubwa ni kukusanya maandishi yanayofanana na kukuuliza kama ni kitu kimoja. Njia ya kwanza inapuuza herufi kubwa, alama, nafasi za ziada na mpangilio wa maneno, kwa hiyo "Rukuba Kisiwani" na "KISIWANI, RUKUBA" yanaangukia kundi moja papo hapo. Rukuba na Lukuba hazikamatwi hivyo, maana herufi zenyewe ni tofauti. Inabidi uhamie njia nyingine, inayopima ni herufi ngapi zibadilishwe ili neno moja liwe jingine. Hapo majina hayo mawili yanaweza kukutana, lakini yanaweza kukutana pia na jina la mwalo mwingine kabisa (mwalo ni mahali pa kushushia samaki) linalotofautiana nayo kwa herufi moja. Mtu wa Mara, anayejua R na L zinavyopokezana kwenye vinywa vya watu wa huku, ndiye anayefaa kukubali au kukataa.

Kazi hiyo ya kuunganisha majina inafundishika kwa siku moja na inapendeza kuitazama; safu iliyokuwa na tahajia arobaini inabaki na majina sita. Maswali magumu yanakuja baada ya hapo, jedwali likishanyooka na mtu akitaka kulitoa kwenye programu. Atoe faili ipi? Ampe nani? Abaki na nini yeye mwenyewe? Naona huku ndiko data nyingi inakoharibikia, na hasa data ya sehemu ndogo kama kisiwa kimoja cha wavuvi, ambako kosa la mistari kumi linatosha kubadilisha picha nzima.

Tuanze na safari yenyewe ya takwimu. Mwaloni, anayeandika kilichoshushwa anatoka kwenye kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, kinachoitwa BMU, au ni mkusanya takwimu anayefanya kazi na afisa uvuvi. Karatasi au simu hiyo inapanda halmashauri, kisha wizarani. Watafiti wa TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi ya Tanzania iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1980, wana kituo Mwanza na kingine Sota, Rorya, mkoani Mara humuhumu. Wenzao wa KMFRI ya Kenya wako Kisumu, wa NaFIRRI ya Uganda wako Jinja, na Jinja hukohuko ndiko makao ya Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, LVFO, lililozaliwa na mkataba uliosainiwa Kisumu mwaka 1994. Ziwa lina kilomita za mraba 68,800. Tanzania ina asilimia 51, Uganda 43, Kenya 6. Tangu mwaka 2000 nchi tatu zimekuwa zikifanya sensa ya uvuvi kwa pamoja, kuhesabu mialo, vyombo, zana na watu. Wavuvi walikuwa takribani 130,000 mwaka ule na wakakaribia 200,000 katika muongo uliofuata. Hesabu za aina hiyo ndizo zinazoingia kwenye mijadala ya ukubwa wa matundu ya nyavu, ya leseni, na ya lini ziwa lipumzishwe.

Kwa hiyo mstari uliosafishwa Musoma haukai Musoma. Unakutana na mistari ya Homa Bay, Kenya, na Kalangala, Uganda, ambako sangara anaitwa mbuta au emputa na dagaa anaitwa omena au mukene. Kuunganisha hayo ni rahisi. Mtego uko kwenye ngege. Wengi leo wanalitumia jina hilo kwa sato, lakini mwenye jina ni samaki mwingine, jamaa yake wa asili aliyelijaza ziwa hili kabla sangara na sato hawajaletwa, na ambaye sasa ndani ya ziwa kuu ni nadra kuonekana. Anayeunganisha "ngege" na "sato" kwenye takwimu za mwaka jana huenda hajakosea. Akitumia kanuni hiyohiyo kwenye daftari la mwaka 1960, amefuta aina nzima ya samaki kwa kubofya mara moja, na kwenye faili safi hakuna kitakachoonyesha kuwa aliwahi kuwepo.

Chukua mfano wa mistari mitatu ya daftari la mwalo. Wa kwanza unasema dagaa, ndoo 14. Wa pili, dagaa wakavu, gunia 2. Wa tatu unasema dagaa, na kwenye safu ya kiasi hakuna kitu.

Msafishaji mwenye haraka ataondoa neno "wakavu" ili samaki wawe na jina moja. Jina litanyooka na uzito utapinda, kwa sababu dagaa aliyeanikwa amepoteza maji na kilo yake moja ilikuwa kilo kadhaa alipotoka ziwani. Ndoo nayo inataka kugeuzwa kilo, na lazima mtu achague kilo ngapi. Ndoo ya lita 20 iliyojazwa hadi ikafanya kichuguu si sawa na ndoo iliyosawazishwa mdomoni, na kila mwalo una desturi yake ambayo mnunuzi na muuzaji wanaijua bila kuandikiana. Ukichagua namba moja kwa mkoa mzima umefanya uamuzi mkubwa kuliko kurekebisha tahajia zote za jedwali.

Ule mstari mtupu ndio ninaouogopa zaidi. Wavuvi wa dagaa wanafanya kazi usiku kwa taa. Zamani karabai, siku hizi nyingi ni za betri na sola. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki, na mitumbwi inapumzika. Nafasi tupu siku za mwezi mpevu inaweza kuwa na maana kamili: hakuna aliyeingia ziwani. Inaweza pia kumaanisha mwandishi aliugua siku hiyo, au alisahau. Programu hizi zina amri ya kujaza nafasi tupu kwa kurudia kilichoandikwa juu yake. Amri hiyo ni nzuri sana kwa safu ya jina la mwalo, ambalo karani huliandika mara moja juu ya ukurasa. Ikitumika kwenye safu ya ndoo, Rukuba itakuwa imevua dagaa kwenye mbalamwezi wiki nzima, tena kwa kiasi kilekile kila usiku.

Kinyume chake ni kukata. Mtu anaona sangara wa kilo 90 katikati ya sangara wa kilo mbili na tatu, anaamini ni kosa la vidole, anafuta. Huenda ni kosa kweli. Labda ilikuwa 9.0. Lakini sangara anaweza kufikia kilo 200, na wazee wa mwaloni wanakumbuka waliobebwa na watu wawili kwa mti. Kanuni ya kufuta kila kinachozidi kilo 50 ingewafuta samaki wakubwa wote, na hao ndio mtafiti anaowahitaji akitaka kujua kama ziwa bado lina wazazi wa kutosha.

Sasa tukatoe faili. Mgeni wa OpenRefine hushangaa kwanza kwamba hakuna kitufe cha kuhifadhi. Programu inafungukia kwenye kivinjari, kwa hiyo wengi wanadhani kazi yao iko intaneti mahali fulani. Haiko. Inakaa kwenye kompyuta hiyohiyo, ndani ya folda ambayo watu wachache huwahi kuifungua, na inajihifadhi yenyewe kila baada ya dakika tano. Umeme ukikatika kwenye mashine isiyo na betri, unaweza kupoteza dakika hizo. Hilo si kubwa. Kubwa ni kompyuta ya ofisi kuharibika, kuibwa au kupangwa upya na fundi: mradi mzima unaondoka, na mwenyewe alikuwa akiamini uko salama "kwenye mtandao". Kufunga dirisha la kivinjari pia hakuizimi programu. Inaendelea nyuma yako.

Halafu kuna jambo la vichujio, ambalo limewaponza wengi. Ukiwa umechuja jedwali uone mistari ya dagaa tu, kisha ukatoa faili, programu inakupa mistari ya dagaa tu. Inafanya sawasawa na ilivyoagizwa. Faili inafunguka vizuri, vichwa vya safu vipo, namba zipo, na anayeipokea Mwanza hana njia ya kujua kwamba sangara na sato waliachwa Musoma. Dawa yake ni ya kizamani: hesabu mistari kabla ya kutoa, hesabu baada ya kutoa, na andika namba hizo mbili kwenye ujumbe unaoambatana na faili. Mhasibu wa ushirika wa pamba angekuambia hivyohivyo.

Aina ya faili nayo ina siasa zake. CSV ni maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa koma; inasomwa na kila programu na itaendelea kusomwa hata Excel ikizeeka. Lakini mara nyingi atakayeipokea ataibofya, nayo itafungukia Excel, na Excel ina tabia ya kukisia. Namba ya simu inayoanza na 0 inapoteza sifuri yake. Namba ya kitambulisho cha taifa, ya NIDA, ina tarakimu 20, na Excel inashika 15 tu kwa uhakika, kwa hiyo tano za mwisho zinageuka sifuri. Akishahifadhi faili hiyo, wavuvi waliozaliwa siku moja na kuandikishwa eneo moja wanaweza kuwa na kitambulisho kimoja. Tarehe 3/4/2024 ni tarehe 3 Aprili kwa karani wa Musoma na tarehe 4 Machi kwa kompyuta iliyopangwa kwa desturi ya Marekani. Andika 2024-04-03 na ugomvi unakwisha.

Wasidhani wenzetu kuwa haya ni matatizo ya ofisi za pembezoni. Oktoba 2020, Uingereza iligundua kuwa wagonjwa 15,841 wa Uviko hawakuwa wamehesabiwa, kwa sababu matokeo ya maabara yalipitishwa kwenye faili la Excel la mtindo wa zamani lisiloweza kubeba zaidi ya mistari 65,536. Iliyozidi ilidondoka kimya. Watafiti wa jeni nao waliona Excel ikigeuza majina ya jeni kama MARCH1 na SEPT1 kuwa tarehe kwa miaka mingi, hadi mwaka 2020 kamati inayosimamia majina hayo ikaamua kubadilisha majina yenyewe. Wanasayansi walishindwa na jedwali, wakaliachia njia.

Viwianishi vya ramani vina kosa lao. Rukuba iko nyuzi moja na kitu kusini mwa ikweta, kwa hiyo latitudo yake inaandikwa na alama ya kutoa mbele. Alama hiyo ni kistari kidogo, na kuna wanaokisafisha wakidhani ni uchafu. Bila kistari, mwalo unaruka ikweta na kutua huko Teso, mashariki mwa Uganda, mahali ambapo hakuna mtumbwi wala dagaa wa Ziwa Victoria.

Faili safi pekee, kwa hiyo, haitoshi. Anayeipokea anahitaji kujua ilisafishwaje. Hapa programu kama OpenRefine ina kitu ambacho Excel ya kawaida haina: inakumbuka kila hatua, kwa mpangilio, na inaweza kukutolea orodha ya nyingi kati ya hatua hizo kama faili ndogo ya maandishi. Mwezi ujao, daftari jipya likija na makosa yaleyale, unaipa orodha na inarudia kazi yenyewe. Muhimu zaidi, mtu mwingine anaweza kuisoma na kusema: hapa mligeuza ndoo kuwa kilo kwa namba ambayo mimi siikubali. Bila orodha hiyo hawezi kubishana na wewe. Anaweza kukuamini au kukukatalia tu.

Ziwa hili lina ushahidi mzuri wa thamani ya kuandika njia. Nyavu za makila zilipoingia mwaka 1905, kila wavu ulikuwa ukitoa samaki kwa makumi. Michael Graham alipofanya utafiti wake mwaka 1927 na 1928 alikuta ngege kwa kila wavu wamepungua sana, na akapendekeza matundu yasipungue inchi tano. Ripoti yake ilichapishwa mwaka 1929, na hadi leo tunaweza kuijadili kwa sababu alieleza kipimo chake: ngapi kwa wavu, wavu wa namna gani, wapi. Baada yake zilikuja taasisi za pamoja za Afrika Mashariki zilizokaa Jinja, na Jumuiya ikavunjika mwaka 1977. Kila nchi ikabaki na makabati yake. Takwimu hazikuhitaji kuungua ili zipotee. Ilitosha aliyejua maana ya safu ya tano kuondoka.

Kwa hiyo nashikilia kwamba vitu vya kuhifadhi ni vitatu, na vikae pamoja. Daftari kama lilivyokuja, picha ya karatasi ikiwezekana, ambalo haliguswi na mtu. Orodha ya hatua. Na jedwali safi, pamoja na ukurasa mmoja wa Kiswahili unaoeleza kila safu: "kiasi" ni kilo za samaki wabichi, ndoo moja imehesabiwa kuwa kilo kadhaa, nafasi tupu maana yake hakuna taarifa, sifuri maana yake waliingia ziwani wakatoka bure. Ukurasa huo ni kazi ya nusu siku, na ndio unaoachwa kila mara.

Hadi hapa mambo yanaelekea upande mmoja: onyesha kila kitu ili uaminike. Kwenye kushirikisha yanageuka.

OpenRefine inakuruhusu kutoa mradi mzima katika jalada moja lililobanwa, ukampa mwenzako aendelee ulipoishia. Ni jambo rahisi na la hatari. Jalada hilo lina historia yote. Kama safu ya majina ya wavuvi ilikuwepo mwanzoni na ukaifuta kabla ya kutuma, mpokeaji anarudi nyuma hatua moja na majina yanarejea, pamoja na namba za simu. Aliyetuma anaapa kuwa ameyafuta, na anasema kweli kwa kadiri alivyoona kwenye kioo.

Basi tutume orodha ya hatua peke yake? Ni afadhali sana, lakini nayo isomwe kwanza. Hatua ya kuunganisha tahajia inaandikwa pamoja na maneno ya awali: hiki na hiki na hiki vigeuzwe hivi. Kama ulichokuwa ukinyoosha ni majina ya mialo, hakuna neno. Kama ulikuwa ukinyoosha majina ya watu, basi majina hayo yote yamelala ndani ya orodha ambayo unaiita haina data. Njia salama ni kuigawa kazi mara mbili. Kwanza ondoa utambulisho, badala ya jina weka namba isiyo na maana, na ufunguo ubaki ofisini. Kisha toa jedwali hilo, lifungue kama mradi mpya usio na historia, na ndani yake ndimo usafishe mengine yote. Historia ya mradi wa pili inaweza kwenda popote.

Tena, kuondoa majina hakutoshi mahali padogo. Mwaka 1997 Latanya Sweeney, akiwa mwanafunzi Marekani, alichukua rekodi za hospitali zilizoondolewa majina, akazilinganisha na daftari la wapiga kura, akampata gavana wa Massachusetts kwa tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya posta. Hiyo ni Massachusetts, yenye mamilioni ya watu. Kwenye kisiwa ambacho kila mtu anajua injini ya nani ina sauti gani, mstari unaosema "mwanamke, miaka 50 na kitu, vyombo vitatu, injini mbili" una jina tayari. Namba za aina hiyo ni bora zitolewe kwa makundi, kwa kata nzima au kwa wilaya, hata kama mtafiti atanung'unika.

Kuna wanaosema huu ni woga wa kuiga Ulaya. Sikubaliani. Wavuvi wanakumbuka Operesheni Sangara ya mwaka 2018, nyavu zilivyochomwa na faini zilivyotozwa; mtu aliyeyapitia hayo anapoulizwa ana nyavu ngapi na matundu yake inchi ngapi, anajiuliza karatasi inaishia wapi. Na ziwani kuna majambazi wanaovizia injini na nyavu. Jedwali linaloonyesha chombo fulani hutoka saa ngapi na hutega wapi kwa viwianishi lina faida kwa mtafiti, na lina faida kwao pia. Akihisi hivyo mara moja tu, mvuvi ataendelea kujibu, ila majibu yatakuwa ya kukuridhisha, na hakuna programu ya kusafisha uongo uliopangwa vizuri.

Sheria nayo imefika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na jina lililofungamana na simu na kitambulisho ni taarifa binafsi liwe benki au kwenye daftari la BMU. Upande wa pili kuna Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015. Marekebisho yake ya mwaka 2018 yaliwatia watafiti hofu, kwa kuwa yalifanya kuwa kosa kutangaza takwimu zinazopingana na zile rasmi. Mwaka 2019 Bunge liliyalegeza. Somo la kawaida lililobaki ni kuandika wazi juu ya jedwali kuwa hii ni data ya utafiti au ya kikundi, si takwimu rasmi ya taifa, ili asije mtu akaisoma kama kauli ya serikali.

Mahali pa kuiweka hapakosekani. Zenodo, hifadhi iliyoanzishwa CERN mwaka 2013, inapokea majedwali bure na kuyapa kitambulisho cha kudumu kinachoweza kunukuliwa. Unachagua leseni, na ile inayomruhusu yeyote kuitumia ilimradi akutaje ndiyo inayotosha kwa data isiyo na siri. Data yenye siri iende kwa makubaliano ya maandishi, taasisi kwa taasisi. WhatsApp, ambayo ndiyo posta yetu halisi, itumike kupeleka taarifa kwamba faili ipo, na faili yenyewe ibaki sehemu moja. Ikianza kurushwa kundi hadi kundi, baada ya wiki kuna "Rukuba_safi", "Rukuba_safi_mwisho" na "Rukuba_safi_mwisho2", na mkutano unatumia asubuhi nzima kubishana kama samaki wamepungua kumbe kila upande umefungua faili yake.

Mpokeaji anayesahauliwa ni watu wa Rukuba wenyewe. Data inapanda kutoka mwaloni hadi Jinja na mara nyingi hairudi, au inarudi kama ripoti ya Kiingereza yenye kurasa mia. Kurudisha hakuhitaji mtambo. Karatasi moja ya A4 kwenye ubao wa BMU, mwezi kwa mwezi, kwa ndoo na si kwa kilo pekee, inatosha, na ina kazi ya pili: ndiyo ukaguzi bora wa usafishaji. Mwenyekiti atasoma kwamba Agosti walishusha ndoo chache kuliko Julai na atasema mara moja kama ni kweli au kama ni zile siku ambazo mwandishi alisafiri. Akisema ndoo yao ya kichuguu imehesabiwa kidogo, mwenye orodha ya hatua anafungua hatua hiyo, anabadilisha namba moja, anaendesha zote upya na kupata jedwali jipya kabla ya chai. Asiye na orodha anaanza kukumbuka alifanyaje, au, kama nijuavyo ofisi zetu, anamwambia mwenyekiti kwamba kompyuta haikosei.

Swali lililobaki ni nani anakaa na hivyo vitu vitatu. Mradi wa wafadhili una mwisho wake, na kompyuta yake huondoka nao. Afisa uvuvi anahamishwa. Katibu wa BMU anamaliza muda wake na daftari linabaki kwake nyumbani, juu ya kabati. Halmashauri ndiyo inayodumu kuliko wote hao, kwa hiyo ndiyo ningeipa nakala kuu, TAFIRI ya pili, na BMU ya tatu, iliyochapwa. Na hati ya makabidhiano ya afisa anayehama, ambayo sasa inataja viti, pikipiki na mhuri, itaje pia folda iko wapi, nywila iko kwa nani, daftari la mwisho lililoingizwa ni la mwezi gani, na jedwali lina mistari mingapi. Anayepokea aihesabu kabla ya kusaini.